Cha Bure na Cha Halali



Nilipoombwa kuzungumza niliambiwa nichague jambo litakalowafaa wakubwa na wadogo. Nimechagua jambo ambalo tayari liko mezani petu. Katika makabrasha tuliyogawiwa asubuhi limo pendekezo kwamba chama chetu kinunue flashi 200, kizijaze programu za kompyuta, masomo, nyimbo na filamu, kisha kizigawe kwa shule za sekondari za Wilaya ya Kaliua. Mchana tutalipigia kura. Aliyelileta ni rafiki yangu, tulilala bweni moja, na nia yake ni njema. Mimi naliunga mkono nusu. Naomba niieleze ile nusu nisiyoiunga mkono, na ili niieleze vizuri sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

KOMPYUTA KUMI

Baadhi yenu mtakumbuka kwamba mwaka 2014 tulileta hapa kompyuta 10 zilizokwisha kutumika. Zilikuja kwa treni, tukazipokea stesheni usiku na kuzisukuma kwa mkokoteni hadi hapa. Hatukuwa na fedha za kununua leseni za mfumo wa kuendeshea kompyuta, wala hatukutaka kuweka ule wa wizi kama ilivyokuwa desturi mitaani. Tukaweka Linux, ambayo ni programu huria. Maana ya programu huria ni kwamba kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuwagawia wenzake. Siku ile nilisimama mahali hapa hapa nikawahutubia wanafunzi juu ya uadilifu. Nikasema kwa majivuno kwamba katika chumba kile hakuna hata kitu kimoja cha wizi.

Jioni mwalimu wa fizikia alileta masomo yake aliyoyarekodi kwa sauti katika MP3, pamoja na DVD yenye majaribio ya maabara ambayo vifaa vyake hatukuwa navyo. Kompyuta zote 10 zikakataa. Zilikosa kodeki, yaani kile kipande cha programu kinachojua kukunja sauti au picha ili ichukue nafasi ndogo, na kuikunjua tena wakati wa kusikiliza au kutazama. Penye intaneti nzuri kodeki hupatikana kwa dakika chache. Hapa kwetu wakati ule tulikuwa na modemu moja, na salio lake lilikwisha kabla ya kazi.

Asubuhi nikapanda gari kwenda Tabora mjini. Kijana mmoja mwenye steshenari akanipa CD akisema, "Bosi, humu kila kitu kimo." Na kweli kila kitu kilikuwamo. Nikaiweka katika kompyuta zote, zikaimba. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikanakili CD ile mara 40, nikaziandika kwa mkono wangu mwenyewe maneno "Programu Huria", nikazigawa kwa shule nyingine za mkoa wetu.

Niliporudi kwa ajili ya mahafali, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinifuata nje ya ukumbi. "Shikamoo mwalimu," akasema, ingawa mimi si mwalimu. Nikaitikia. Akasema, "Samahani mwalimu, kwenye ile CD kuna faili la maelezo. Nimelisoma kwa kamusi. Linasema mafaili mengine humo yametolewa kwenye programu ya kampuni, na asiye na leseni ya kampuni hiyo asiyatumie. Je, sisi tunayo hiyo leseni?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mimi ni mtumishi wa umma. Kazini sipitishi hati ya malipo kabla ya kusoma kiambatanisho. Lakini kitu nilichokigawa kwa shule nyingi sikukisoma hata ukurasa mmoja, na mtoto wa miaka 16 alikisoma kwa kamusi.

Nikaandika barua kwa shule zote nikiomba CD zirudishwe. Zilizorudi ni 17. Shule moja ilikuwa imepanga vipindi vya biolojia vya kidato cha nne kwa kutegemea filamu zilizokuwamo. Mwalimu wao alinipigia simu akasema, "Wewe una kazi serikalini. Wanafunzi wangu wana mtihani Novemba." Maneno yale sijayasahau, na nitayarudia mbele kidogo, kwa sababu yalikuwa na haki ndani yake.

KUCHAMBUA JANI

Sisi ni watoto wa wakulima wa tumbaku. Tunajua kwamba jani halipelekwi sokoni kabla ya kuchambuliwa. Mtumba uliochanganya madaraja hurudishwa, hata kama ndani yake yamo majani mazuri kabisa. Kosa langu la mwaka 2014 lilikuwa hilo: nilichanganya madaraja. Baada ya swali la yule mwanafunzi nilikaa na CD ile nikaichambua, nikakuta madaraja manne.

Daraja la kwanza ni programu zilizoandikwa na watu huru, nao wameruhusu zigawiwe, lakini zinasoma muundo wa faili ambao watu wengine walikuwa na hataza juu yake. Kodeki ya MP3 ilikuwa hapa. Daraja la pili ni programu ya kufungulia kufuli la DVD. Daraja la tatu ni yale mafaili yaliyonyofolewa kutoka programu ya kampuni bila ruhusa. Daraja la nne ni nyimbo na filamu zenyewe. Watu wengi huyaita yote haya "mambo ya kopi", lakini sheria zake ni mbalimbali, na uzito wake katika dhamiri ni mbalimbali pia.

HONGO YA NJIANI

Nianze na daraja la kwanza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda, kwa kawaida miaka 20, asiwepo mtu wa kutumia uvumbuzi wake bila ruhusa. MP3 ilikuzwa zaidi na watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer ya Erlangen, Ujerumani, na jina hilo la faili walilichagua Julai 1995. Mwaka 1998 taasisi hiyo iliwaandikia watu waliokuwa wakitengeneza programu za kukunjia MP3, ikiwataka walipe. Baadaye ada ya programu ya kusikilizia ilitangazwa kuwa senti 75 za dola kwa kila nakala.

Mtasema senti 75 ni kidogo. Lakini njia hii yetu ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora kwenda Ujiji ilikuwa na jambo la namna hiyo. Kila msafara ulipoingia nchi ya mtemi ulitoa hongo: nguo, shanga, waya. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa kupita, si rushwa kama tunavyolitumia neno leo. Tajiri mwenye wapagazi 300 aliihesabu katika gharama zake, akalipa, akapita. Mtu aliyebeba mzigo wake mmoja kichwani angelipa nini?

Programu huria ni huyo mtu wa mzigo mmoja. Haina duka wala daftari la wanunuzi. Mmoja hunakili, humpa wa pili, wa pili humpa wa tatu, na hakuna anayehesabu. Tena leseni yake maarufu, ile ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, inasema wazi: ikiwa hataza ya mtu mwingine inakuzuia kuwapa wenzako haki ile ile uliyoipata wewe bila malipo, basi usiigawe programu hiyo kabisa. Kwa hiyo hata tajiri mmoja angejitolea kulipia nakala zake, asingeweza kuwalipia wote watakaonakili baada yake.

Ndiyo maana mwaka 2002 kampuni ya Red Hat ya Marekani ilipotoa toleo la 8.0 la Linux yake iliondoa kabisa uwezo wa kucheza MP3. Watumiaji wengi walikasirika. Wengine, kama Ubuntu, walichagua njia ya kati: kodeki hizi ziliwekwa kando, na mtumiaji aliziongeza mwenyewe baada ya kuonywa kwamba nchi nyingine zina sheria zinazozuia.

Kulikuwa na njia ya tatu pia. Mwaka 1871 Mirambo alipoifunga barabara ya magharibi ya Tabora katika vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, Stanley alizunguka kusini, akafika Ujiji mwezi Novemba. Waandishi wa programu nao walizunguka. Walitengeneza Vorbis, toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2002, kisha Opus mwaka 2012, na kwa upande wa picha AV1 mwaka 2018. Miundo hii waliitoa makusudi ili itumike bila ada.

Kuhusu MP3 yenyewe, shauri limekwisha. Mpango wa leseni zake ulifungwa tarehe 23 Aprili 2017 baada ya hataza kumalizika muda. Leo MP3 ni njia ya wote. Lakini video nyingi tunazorushiana zimo katika muundo wa H.264, uliotoka mwaka 2003 na ambao umekuwa na wenye hataza wengi waliounganisha madai yao. Mwaka 2013 kampuni ya Cisco ilitangaza kwamba itatoa kodeki ya H.264 bure na kulipa ada yenyewe. Jambo jema, lakini sikilizeni sharti lake: malipo hayo yanahusu nakala ambayo mtumiaji anaipakua moja kwa moja kutoka kwao. Mimi nikiitia katika flashi 200 na kuzigawa, malipo ya Cisco hayanihusu tena. Ndugu mleta pendekezo, ukurasa wa pili wa orodha yako unaitaja kodeki hiyo.

KUFULI LA DVD

Daraja la pili linawahusu vijana zaidi. Filamu nyingi za DVD zinazouzwa dukani zimefungwa kwa kufuli la namba, na wenye programu huria hawakuwa na ufunguo halali. Oktoba 1999 ilitokea programu ya kulifungua, na mmoja wa waliohusika alikuwa mvulana wa Norwei, Jon Lech Johansen, mwenye umri wa miaka 15. Alishitakiwa. Januari 2003 mahakama ya Oslo ilimwachia huru ikisema kwamba mtu aliyenunua filamu yake kihalali ana haki ya kuitazama. Mwendesha mashitaka akakata rufaa, na Desemba mwaka huo huo kijana akashinda tena.

Lakini Marekani mambo yalikwenda kinyume. Sheria yao ya mwaka 1998 inakataza kusambaza vifaa vya kuvunjia kufuli za namna hiyo, na Agosti 2000 jaji wa New York aliwazuia wachapishaji wa jarida moja kuisambaza programu hiyo. Rufaa yao ilishindwa mwaka 2001. Programu ni ile ile, majibu ni mawili. Kwa hiyo anayesema "jambo hili ni halali" au "jambo hili ni haramu" bila kutaja ni nchi gani, bado hajasema kitu.

SHERIA YA KWETU

Kwetu Tanzania, hataza inasimamiwa na Sheria ya Hataza iliyotungwa mwaka 1987, na usajili uko BRELA. Zipo pia hataza zinazopitia shirika la kanda la ARIPO kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Hataza ni haki ya nchi kwa nchi. Iliyosajiliwa Ujerumani au Marekani peke yake haimfungi mtu wa Kaliua. Tena nchi maskini kabisa, yetu ikiwamo, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa haki za ubunifu. Lakini tusijidanganye: muda huo umepewa serikali katika kutunga sheria. Haumpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria ambayo Bunge letu limekwisha kuitunga.

Na Bunge limetunga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi wa wimbo, mtengenezaji wa filamu na mwandishi wa programu pia; kwa mtunzi kinga hiyo kwa kawaida hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Sheria hiyo hiyo inagusa hata vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa kukwepa kinga ya kunakili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa uvunjaji wa haki hizi unaofanywa kwa kompyuta, hata kama mtu hakufanya biashara. Kwa hiyo daraja la tatu na la nne la CD yangu hayakuwa na utetezi. Daraja la pili lilikuwa la hatari. Daraja la kwanza, kwa hapa kwetu, lilikuwa na hatari ndogo sana, lakini niliandika juu yake "huria" bila kumwambia mtu kwamba nchi nyingine zilikuwa na neno.

HOJA ZINAZOSEMWA

Nimezisikia hoja tatu, na zote nazijibu kwa heshima.

Ya kwanza husema: "Hakuna atakayekuja Kaliua kutukamata." Huenda ni kweli. Lakini chama hiki kimewaambia wanafunzi kwamba mtihani hauibiwi hata kama msimamizi amelala. Hatuwezi kuwa na kanuni moja kwa mtoto na nyingine kwa mtu mzima mwenye tai.

Ya pili husema: "Kampuni hizo ni tajiri, haziumii." Lakini tazameni orodha ya nyimbo katika pendekezo hili. Zimo za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi za mkoa huu huu, ambazo wazazi wetu walizicheza. Wapigaji wale hawakuwa matajiri. Anayeumia katika daraja la nne mara nyingi ni mzee wa mtaa wa pili, au mjane wake. Kumwandikia mwenye haki, au kupitia COSOTA, ni barua moja na subira.

Ya tatu ni ya yule mwalimu wa biolojia, na ndiyo ngumu kuliko zote. Wanafunzi wake walikuwa na mtihani, nami niliwanyang'anya kifaa kwa ajili ya usafi wa dhamiri yangu. Alikuwa na haki ya kukasirika. Kosa langu halikuwa kuzirudisha CD, kwa maana yale mafaili hayakuwa yangu kuyatoa. Kosa lilikuwa mwanzoni, nilipompa mtu chombo kisicho imara akajenga juu yake ratiba ya watoto. Anayegawa huchukua dhamana kubwa kuliko anayetumia. Mtu mmoja akicheza DVD yake aliyoinunua, amejihatarisha mwenyewe, na wapo majaji walioona hana kosa. Mimi nikinakili mara 40, nimewatia hatarini walimu 40 ambao hawakuniomba ushauri wa sheria, waliniamini tu kwa sababu nilisoma chuo kikuu.

NINACHOPENDEKEZA

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo lipitishwe likiwa na marekebisho haya.

Kwanza, flashi zote 200 zinunuliwe, na programu huria ziwekwe. Kazi ya namna hii si ngeni nchini kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na wakaigawa bure kwa haki.

Pili, masomo ya walimu wetu yarekodiwe upya na sisi wenyewe, kwa idhini yao ya maandishi. Sauti iwe katika MP3 au Opus, picha iwe katika AV1 au muundo mwingine usio na ada. Itatuchukua likizo moja.

Tatu, kodeki zenye masharti, na programu za kufungulia kufuli, zisiwekwe katika flashi. Badala yake iwekwe karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza mwalimu ni nini, zinapatikana wapi, na sheria inasemaje. Aamue mwenyewe akijua.

Nne, hakuna wimbo, filamu wala kitabu kitakachoingia bila ruhusa ya mwenyewe.

Tano, kila flashi iwe na faili moja linaloorodhesha kila kilichomo na leseni yake, na kabla ya kugawa, kamati ya wanafunzi wa kidato cha tatu ilisome. Wameonyesha kwamba wanasoma kuliko sisi.

Najua marekebisho haya yatachelewesha kazi, na najua rafiki yangu alitaka flashi zifike shuleni kabla ya mitihani ya mwaka huu. Hazitafika zote. Hilo ni pungufu, na mwalimu atakayenipigia simu nitamsikiliza. Lakini zitakazofika hakuna atakayeandika barua ya kuomba zirudishwe.

Kwa vijana nina neno moja. Mkipewa kitu cha bure, hata na mtu mzima, hata na mimi, someni karatasi yake kwanza. Msipoelewa, chukueni kamusi. Na mkiwa na swali, msiogope kulileta.

Ndugu Mwenyekiti, kura ni yenu.